Kabati Walilolipita Haraka

Watu wa kwetu hawakuambii usoni kwamba mboga yako haina chumvi. Watakula, watashukuru, watanawa, na siku nyingine ukiwaalika watakuwa na safari. Nimekulia Katandala, hapa Sumbawanga, katikati ya adabu hiyo, na bado nilipoanza kufanya utafiti wa wageni wa makumbusho niliisahau kabisa.

Makumbusho yetu ni madogo. Ni vyumba viwili na kibaraza kwenye jengo la zamani la bati, upande wa mji ambako upepo wa uwanda wa juu haukuti kizuizi. Mwezi wa sita na wa saba tunavaa masweta hadi saa sita mchana, na bati linalia kutwa. Mle ndani mna majembe ya kale, vyungu, mivukuto ya kupulizia moto, na picha za matanuru marefu ya udongo ambayo wazee huyaita malungu, ambamo Wafipa waliyeyusha chuma chao kabla chuma cha dukani hakijafika. Mimi nilikuwa mtumishi wa mkataba. Kazi yangu ilikuwa kuwapokea wanafunzi na kuwaeleza wanachokiona.

Mkuu wetu ndiye aliyeyaanzisha. Enzi za ujana wake alizunguka Ufipa kwa baiskeli, akiwaomba watu wampe vitu vya wazee wao badala ya kuviuza kama chuma chakavu au kuvitupa. Kila kilichokuwa mle alikuwa na kisa chake: alikipata kwa nani, alilala wapi, alinyeshewa wapi. Nilimheshimu, na nilimwogopa kidogo, kwa jinsi mtu anavyomwogopa mzazi ambaye hajawahi kumpiga.

Mwaka huo wafadhili waliokuwa wanafikiria kututengenezea paa na kutuongezea chumba cha tatu walituma ujumbe. Kabla ya kuamua walitaka kujua nani anakuja kwetu, nani haji, na wanaokuja wanaondoka na nini. Mkuu aliniita ofisini akanikabidhi kazi hiyo kwa kuwa niliwahi kuhudhuria mafunzo mafupi ya utafiti Dar es Salaam. Aliniambia nisiwe na hofu, watu wanayapenda makumbusho yao, mimi niwape tu nafasi ya kusema. Halafu akaongeza, kama mtu anayezungumzia mvua, kwamba mikataba yetu sote itategemea jibu la hao wafadhili.

Niliandika maswali, nikayafuta, nikayaandika tena. Niliogopa kuuliza swali linalomvuta mtu kwenye jibu ninalolitaka, na niliogopa kuuliza swali ambalo jibu lake litatufungia mlango. Niliyajaribu kwa mama yangu jikoni akichambua maharage. Nilipomuuliza angevutiwa zaidi na nini, alitaka kujua kama kuna ruhusa ya kutovutiwa. Kwa hiyo nikaongeza swali moja: kuna chochote kilichokukera? Nikadhani nimemaliza.

Nilikaa kibarazani na meza ndogo, nikawasubiri watu wakitoka. Walimu, wauguzi waliokuwa mapumzikoni, vijana wa bodaboda waliokuja kujikinga na upepo, wakulima walioleta ulezi sokoni wakabaki na muda. Wote walijibu vizuri. Nzuri. Nzuri sana. Tumejifunza mengi. Nilipofika kwenye swali la kilichowakera walitabasamu wakasema hakuna. Mzee mmoja alinipa pole kwa kukaa baridini, akaniombea Mungu, akaenda zake. Jioni nilipanga karatasi mezani na zote zilisema jambo moja, na kadiri zilivyoongezeka ndivyo nilivyozidi kupata hofu. Nilikuwa nimekusanya adabu za watu, si mawazo yao.

Nilikumbuka tulichofundishwa kwenye mafunzo: ukiona mdomo unakuficha, tazama miguu. Nikachora ramani ya vile vyumba viwili, nikatoa nakala nyingi, nikahamia kwenye kiti cha kona kana kwamba nahesabu vitu vya stoo. Mlangoni nilibandika tangazo kwamba tunaangalia jinsi wageni wanavyotembea ndani, ili asiyetaka aseme. Kila aliyeingia nilifuata njia yake kwa penseli na kuweka nukta pale aliposimama.

Baada ya muda nilizitandaza ramani zile sakafuni. Wageni wa mbali, wale wanaopita Sumbawanga wakielekea maporomoko ya Kalambo au ziwani Kasanga, walikuwa na nukta nyingi kwenye kabati la mwisho la chumba cha pili. Walisimama pale, wakacheka, wakapigana picha. Wenyeji walisimama kila mahali isipokuwa pale. Mistari yao ilifika karibu na kabati hilo ikajikunja kuelekea mlangoni, mmoja baada ya mwingine, kama maji yanavyolikwepa jiwe.

Ndani ya kabati mlikuwa na kikapu cha mviringo kilichokuwa cheusi kwa moshi wa miaka mingi, na ndani ya kikapu mbegu, magome ya miti, vipande vya mawe na pembe ndogo. Kadi iliyosimama mbele yake iliandikwa kwa herufi kubwa: VIFAA VYA UCHAWI NA UGANGA, UFIPA. Nilikuwa nimeipita kadi hiyo kila siku ya kazi. Nilikuwa nimewaeleza watoto wa shule majembe na vyungu, na nikifika hapo nilikuwa nasema tu, "Na hivi ni vile," kisha nawatoa nje.

Asiyetoka kwetu huenda asielewe. Jina la mji wetu watu wa mikoa mingine hulitamka kwa mzaha wa uchawi. Nilipokuwa chuoni, mtu akisikia natoka Sumbawanga alirudisha mkono wake kabla ya kunisalimia, na wenzake wakaangua kicheko. Nilicheka nao. Ukiwa peke yako ugenini unajifunza kucheka kwanza. Lakini hapo sakafuni, kati ya zile ramani, niliona kwamba hata nyumbani kwetu tulikuwa tumewawekea watu mzaha uleule ndani ya kioo, tukawauliza kama umewafurahisha.

Hata hivyo huo ulikuwa ubashiri wangu. Mkunjo wa penseli hauthibitishi kitu. Nilihitaji mtu aniambie kwa kinywa chake.

Wiki iliyofuata walikuja akina mama wa jumuiya moja ya kanisa kutoka Kasense. Walizunguka wakizungumza Kifipa, wakashangilia majembe, wakabishana juu ya chungu fulani kilipikiwa nini. Miongoni mwao alikuwemo bibi mwembamba aliyevaa sweta la kijani na kitenge begani. Alikuwa anasoma kila kadi polepole, midomo ikicheza. Alipofika kwenye kabati la mwisho alisimama. Akasoma. Akajitanda kitenge kichwani, akageuka, akatoka mbele ya wenzake wote.

Nilimfuata kibarazani nikamwamkia. Alisema anasikia baridi tu. Sikumbana. Nilimletea chai, nikamweleza kazi yangu, na kwamba kama ana la kusema juu ya alichokiona ningependa kulisikia siku yoyote, mahali popote anapotaka yeye. Alinitazama kwa muda, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani, wa wapi. Nilipomjibu alitikisa kichwa taratibu. Akanielekeza kwake: nyuma ya mashine ya kusaga, nyumba yenye mlango wa bluu.

Nilikwenda. Kasense ni mjini kwa kuhesabiwa tu. Ukishaacha barabara unatembea kati ya mahindi na maharage, na nguruwe wanakupisha. Bibi alikuwa anaishi na binti yake mjane, mwanamke wa makamo aliyekuwa anauza mboga sokoni. Nilimsomea bibi karatasi ya ridhaa mbele ya binti yake. Nikamwambia kwamba sitaandika jina lake, na kwamba akitaka kuacha tutaacha. Akaniruhusu kuwasha kinasa sauti.

Baba yake, alisema, alikuwa muhunzi. Alipozaliwa yeye kazi ya kuyeyusha chuma ilikuwa imekwisha, lakini kikapu kilibaki, kikining'inia darini juu ya kitanda cha baba. Mara mojamoja mzee alikishusha, akakipangusa vumbi, akakirudisha. Wasichana hawakuruhusiwa kukigusa, kwa hiyo hakujua kila kilichokuwamo wala kilitumikaje. Alijua tu kwamba bila dawa za kikapu kile wazee hawakuthubutu kuwasha tanuru, kama vile sisi tusivyothubutu kupanda bila kusali. Mzee alipofariki kikapu kilichukuliwa na ndugu, na hakuwahi kukiona tena. Nilimuuliza kama kile cha kabatini kingeweza kuwa ndicho. Alisema vikapu vyote vilifanana, na hakutaka kudanganya.

Kisha akasema lile ambalo nililiandika baadaye nikalisoma mara nyingi.

"Hicho kilikuwa kikapu cha kazi, mjukuu wangu. Ninyi mmeandika uchawi. Mimi ni mzee, macho yangu unayaona yalivyo mekundu kwa moshi wa jikoni. Mtu akisoma pale, halafu akajua nimelelewa chini ya kikapu kama kile, ataniitaje?"

Binti yake alikuwa amesimama mlangoni na beseni la mboga. Aliondoka kwenda sokoni bila kuniaga.

Kila baada ya muda nilitakiwa kumweleza Mkuu nilikofikia. Nilimweleza habari ya ramani, na kwa kuwa alizitilia shaka nikamweleza kwamba kuna mzee mmoja, mwanamke wa Kasense, aliyelelewa katika nyumba yenye kikapu kama kile, na kwamba kadi yetu imemuumiza. Jina sikulitaja. Aliniuliza ni sehemu gani ya Kasense. Nikasema sikumbuki vizuri. Lakini dereva wetu, ambaye siku ile alinishusha karibu na mashine kabla ya kuendelea na safari zake, alikuwa palepale akimsubiri Mkuu asaini karatasi ya mafuta, na akasaidia kukumbuka.

Mkuu hakuwa na nia mbaya. Naliandika hilo kwa sababu ni kweli. Alisikia nusu moja ya habari, ile iliyomfurahisha: kwamba bado yupo mtu hai aliyeishi na kikapu. Nusu ya pili ilimpita.

Siku chache baadaye nilikuwa sokoni nikinunua dagaa. Muuzaji wangu ni mama wa Kiislamu aliyehamia na familia yake kutoka mwambao wa Tanganyika, na redio yake ndogo haizimwi. Nikasikia sauti ya Mkuu. Alikuwa amealikwa kwenye kipindi cha asubuhi kuwakaribisha watu makumbusho. Alizungumza vizuri, kama kawaida yake, akifurahia. Akasema utafiti wetu umefika mbali, na hapa hapa Kasense, jirani na mashine ya kusaga, tumempata bibi aliyelelewa na vile vifaa vya kale vya uchawi mnavyoviona kwenye kabati letu.

Yule mama alipunguza sauti ya redio. Akabaki ameshika kopo la kupimia, halijajaa.

"Sasa huyo bibi wamemwacha salama?" aliuliza, kama anajiuliza mwenyewe.

Sikungoja dagaa. Kila mtu wa kwetu anajua kinachoweza kumpata mwanamke mzee mwenye macho mekundu, likishatamkwa neno lile karibu na mlango wake. Halianzi na kelele. Linaanza na watoto kukatazwa kupita, na mtu kukumbuka kwamba ndama wake alikufa mwaka ule.

Nilipanda bodaboda. Kijana aliyeniendesha alipigia honi kundi la mbuzi, akageuza kichwa kidogo akaniuliza kama naenda kumwona yule bibi wa redioni. Nilisema naenda kusaga. Nilikuwa sina hata kiroba mkononi.

Mlango wa bluu ulikuwa umefungwa, mchana kweupe. Nilibisha nikajitaja, nikasikia komeo likivutwa. Bibi alikuwa amekaa ndani gizani, sweta lake la kijani limefungwa vifungo vyote. Nilipiga magoti nikamwamkia. Aliitikia. Nikaanza kueleza kwamba jina lake sikulitaja kwa mtu, na akanisikiliza mpaka mwisho.

"Najua hukulitaja," alisema. "Lakini mashine ya kusaga Kasense hii ni moja."

Binti yake ndiye aliyeniambia yaliyotokea tangu asubuhi. Jirani waliyekuwa wanaazimana naye moto na chumvi alikuwa amepita bila kusalimia. Mfugaji mmoja, mzee aliyehamia na ng'ombe wake kutoka upande wa Shinyanga na ambaye watoto wake walikuwa wanachota maji kwenye kisima cha bibi, alikuwa amewaita watoto warudi na ndoo tupu. Hakuna aliyetukana. Hakuna aliyerusha jiwe. Binti aliniambia yote haya akiwa ananitazama usoni, na alipomaliza alisema kitu kimoja tu: mama yake hakuwa na shida na mtu kabla sijaja.

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa mtaa. Nilimkuta akipalilia maharage. Nilimweleza kila kitu, nikamwomba aitishe mkutano tuwaeleze watu ukweli. Aliegemea jembe lake akafikiri.

"Ukiitisha mkutano wa kumtetea, utakuwa umemtaja mara ya pili," alisema. "Na safari hii mbele ya wote."

Nilirudi mjini nikiwa sina la kufanya. Nilimwona bibi yule kila nilipofumba macho, akiwa amekaa gizani na vifungo vyake. Nilifikiria kuacha kazi, nikaona kwamba kuacha kutanisaidia mimi tu. Ilikuwa asubuhi, nikiwa nafungua vitasa vya makumbusho, nilipoelewa kwamba tatizo la bibi halikuwa kuulizwa. Lilikuwa kuulizwa peke yake.

Nilirudi kwa mwenyekiti na wazo hilo. Vipi nikiuliza nyumba zote? Njia nzima, kutoka barabarani hadi kwenye mashine na kuipita, kila mlango, maswali yaleyale: nani katika ukoo wenu alifanya kazi ya chuma, au kazi nyingine ya kale, na kimebaki nini? Alinikubalia, na siku ya kwanza akatembea nasi yeye mwenyewe, mimi na mwenzangu mmoja wa kazini. Tulianzia mbali na mlango wa bluu.

Nyumba za mwanzo zilitupokea kwa mashaka. Walidhani tunatafuta wachawi. Tulikaa, tulikunywa tulichopewa, tulizungumza mahindi na bei ya mbolea, kisha tukauliza. Na taratibu, kuanzia nyumba ya nne au ya tano, watu wakaanza kufunguka. Mwanamke mmoja alisema babu yake alikuwa mbeba mkaa wa matanuru. Mwingine alikuwa na jembe la kale nyuma ya banda la nguruwe, lililotumika kuzuia mlango. Kijana aliyetusalimia kwa "mambo" tukamjibu "poa" alituletea bibi yake kutoka ndani, na bibi yule akasema, bila kuulizwa, kwamba nyumba yao pia ilikuwa na kikapu, na nani hapa Ufipa hakuwa na ndugu mwenye kikapu? Mwenyekiti akaangua kicheko, akasema hata kwao kilikuwepo, mama yake alikuwa anakiogopa kuliko mbwa.

Habari ya nyumba moja ilitangulia kwenye nyingine, na tulipofika kwa yule mfugaji alikuwa ametuwekea viti. Nilimuuliza kama nilivyowauliza wengine. Alikuna kidevu, kisha akaeleza habari ya pembe ya babu yake kule walikotoka, iliyofungwa dawa za kulinda ng'ombe safarini, na jinsi wamisionari walivyoichoma. Alipomaliza alituuliza sisi swali.

"Kumbe mnauliza wote?"

"Wote, mzee," nilimjibu. "Tumebakiza hapo mbele, na kule ng'ambo."

Tulipokwenda kwenye mlango wa bluu, watu walituona tukikaa pale kwa muda uleule tuliokaa kwingine, tukiuliza yaleyale, na tukaondoka kwenda nyumba iliyofuata.

Ilibaki kazi ya Mkuu. Niliingia ofisini kwake nikamwambia nilichosikia redioni na nilichokikuta Kasense. Uso wake ulibadilika, lakini si kwa namna niliyoitarajia. Alikuwa ameumia. Aliniuliza kama najua alivyokipata kikapu kile, na kabla sijajibu alianza kunisimulia: mvua, baiskeli, mzee aliyetaka kukichoma moto, yeye akamsihi kutwa nzima. Alisema bila yeye kingekuwa majivu. Alisema kadi aliiandika vile kwa sababu wageni hawasafiri kuja kuangalia jembe. Na kwamba nikiwaandikia wafadhili kuwa kabati linalopendwa zaidi ndilo linalowafukuza wenyeji, nitakuwa nimelichoma jumba zima kwa mkono wangu.

Yote aliyosema kuhusu wageni yalikuwa kweli. Ramani zangu zilisema hivyohivyo.

"Mkuu," nilisema, "yule bibi anafunga mlango mchana."

Alikaa akitazama mikono yake. Nilitoka.

Niliandika ripoti kwa hofu ambayo sijawahi kuwa nayo tangu mitihani ya shule. Habari ya wenyeji kulikwepa kabati niliiweka ukurasa wa kwanza, kabla ya sifa zote, na kwenye sifa nikaeleza wazi kwamba majibu ya mlangoni yalitokana na adabu zaidi ya maoni. Nilifuta kila kitu ambacho kingemfikisha mtu kwenye mlango wowote. Hakuna Kasense katika ripoti ile, hakuna mashine, hakuna sweta. Waliozungumza nami nimewaita wakazi wa manispaa, wote kwa pamoja. Sauti ya bibi niliifuta kwenye kinasa baada ya kumuuliza. Kisha nikamwekea Mkuu nakala mezani, nikangoja.

Alikaa nayo siku nyingi. Tulisalimiana, tulifungua milango, tulipokea wanafunzi, na hakuna aliyeitaja. Kila simu yake ilipolia nilidhani ni habari ya mkataba wangu. Nilianza kuuliza kazi kwa marafiki wa Mbeya.

Kisha asubuhi moja nikamsikia tena redioni. Safari hii alizungumza vibaya, kwa lugha ya ofisini, akikwama. Alisema kwamba utafiti wetu umebaini kuwa familia nyingi za Ufipa, katika kata nyingi, zilishiriki kazi ya chuma, na kwamba vikapu vya dawa vilikuwa sehemu ya kazi hiyo halali, na kwamba makumbusho yalikosea kuviita kwa jina jingine. Bibi hakumtaja hata kwa kudokeza. Mtangazaji alitaka kumrudisha kwenye habari ya uchawi, akakataa mara mbili. Alipofika kazini aliingia chumba cha pili bila kuvua koti, akafungua kabati, akaitoa ile kadi. Kwa siku kadhaa kikapu kilikaa bila maneno yoyote.

Wafadhili walikuja, wakakaa kibarazani na masweta yao mapya, na mimi nikawasomea matokeo. Mmoja aliniuliza kwa nini niwaamini zaidi watu waliopita haraka kuliko waliosimama. Nilijibu kwamba waliosimama wataondoka kesho. Mkuu alikuwa amekaa pembeni yangu, na nilipokwama kwenye swali la pili alilijibu yeye, akisema "sisi" kila mahali.

Paa tulipata. Chumba cha tatu hatukupata. Mkataba wangu uliongezwa, ila mwenzangu tuliyetembea naye hakuongezewa, na hilo sijalizoea. Kadi mpya tuliiandika kwa maneno tuliyopewa na watu wa zile nyumba: kikapu cha kazi ya chuma, na chini yake, kazi ya wahunzi wa Ufipa. Wageni wa mbali sasa wanasimama pale kwa muda mfupi zaidi, kama Mkuu alivyosema. Wenyeji wengine wanasimama, wengine bado wanakunja kona. Nimeendelea kuchora njia zao, na sina hakika nazielewa.

Kasense sikwenda tena kwa muda mrefu. Mwenyekiti alinipigia mara moja kunieleza kwamba watoto wa mfugaji wamerudi kisimani. Yule jirani wa moto na chumvi hajarudi. Nilitaka kwenda kumwamkia bibi, na kila nilipotaka niliona watu wakinihesabu njiani, wakisema yule wa makumbusho amekuja tena kwa bibi, kuna nini. Nikabaki mjini.

Mwaka uliofuata, mvua zilipokaribia kwisha, nilisimama kwenye meza moja ya mboga sokoni bila kutazama muuzaji, na nilipoinua macho alikuwa binti wa bibi. Hatukuwa tumeonana tangu siku ile ya mlango uliofungwa. Alinifungia mchicha, akapokea noti, akanirudishia chenji bila haraka. Nikamuuliza mama hajambo. Alisema hajambo, miguu tu. Kisha, akiwa anapanga upya mafungu yake, akasema mama yake anauliza kwa nini siendi.

Nilimwambia ukweli, kwamba naogopa kuwarudishia maneno ya watu.

Alifuta mikono kwenye kanga.

"Njoo siku ya gulio," alisema. "Siku hiyo kila mtu anapita pale."

Nilimuuliza gulio lao ni siku gani. Akaniambia.